H-indeksi ya mtafiti wa kinga ya mwili: tuiamini mpaka wapi hapa Uganda?

Siku hizi Kampala na Entebbe mtu akiomba kazi ya utafiti, ama akitaka kupandishwa cheo chuoni, ama akitafuta hela za mradi, kitu cha kwanza kufunguliwa si barua yake, ni profaili yake ya Google Scholar, ule mtandao unaoorodhesha pepa za mtafiti na kuhesabu mara ngapi pepa za wengine zimezinukuu. Wanaangalia zile namba za pembeni, jumla ya mara alizonukuliwa, h-indeksi, basi, mtu keshapimwa. Nimewasikiliza sana watu wa maabara za kinga wakibishana hili jambo, kuna wanaosema hizi namba ndo haki pekee tuliyobaki nayo na kuna wanaosema zitupwe zote, na mimi naona kila upande una hoja nzito ila hawazungumzii kazi moja. Namba inafaa kumkamata mtu ambaye hajafanya kitu. Kuwapanga waliofanya kazi nani wa kwanza nani wa pili, hapo haifai, na hapo ndo sisi tunaitumia zaidi.

Kwa asiyeijua, h-indeksi ililetwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mtu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Hesabu yenyewe rahisi. Panga pepa zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, ukiwa na pepa 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12 basi h yako ni 12. Sasa chukua watafiti wawili, huu ni mfano wangu tu. Wa kwanza ana pepa 5, zimenukuliwa mara 90, 40, 12, 3 na 1. Wa pili ana pepa 12, kila moja mara 12. Jumla ya wa kwanza ni 146, ya wa pili 144, yaani ni kama sawa. Lakini h ya wa kwanza ni 3 na ya wa pili ni 12! Nani bora? Labda huyu wa kwanza aligundua kitu ambacho kila mtu kwenye fani alilazimika kukijibu. Labda pia ile pepa ya 90 ni mapitio tu, manake kwenye kinga ya mwili pepa za mapitio hunukuliwa sana kuliko za majaribio, watu wanaona raha kunukuu muhtasari mmoja badala ya kazi kumi za asili. Namba haikwambii lipi kati ya hayo. Lazima ufungue pepa usome.

Lakini nianze na upande wa wanaozitetea namba, manake hapa kwetu hawa watu hawapewi haki yao. Kabla ya hizi profaili mtu alipandaje? Kwa kujuana, kwa nani alikuwa msimamizi wako, kwa nani anakaa kwenye kamati. Binti aliyesoma Mbarara au Gulu, hana mjomba Makerere, hana profesa wa kumpigia simu, leo anaweza kuweka kazi yake mezani na mtu yeyote mwenye simu akaiona. Mkubwa ambaye hajachapisha kitu miaka 10 naye anaonekana. Hilo si jambo dogo. Ukiwaambia vijana tutupe namba turudi kwenye hukumu ya wazee wanakuuliza wazee gani, na swali lao ni la haki.

Na kuna mahali namba zinasema kweli kabisa. Mwaka 1985 Serwadda na wenzake waliandika kwenye jarida la tiba la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa kukondesha, slimu, wakauunganisha na kirusi ambacho leo tunakiita VVU. Mwaka 1999 jarida hilohilo likatoa matokeo ya HIVNET 012, jaribio lililofanyika Kampala, dozi moja ya nevirapine, dawa ya VVU, kwa mama akiwa kwenye uchungu na moja kwa mtoto ikapunguza maambukizi karibu nusu ukilinganisha na AZT, dawa nyingine ya VVU. Mwaka 2007 ikaja ile ya tohara ya Rakai, wanaume 4,996, maambukizi yakapungua karibu nusu tena, na WHO ikatoa mwongozo mwaka huohuo. Kazi hizi zilinukuliwa mno kwa sababu zilibadilisha mambo hospitalini na vijijini. Mtu anayesema kunukuliwa hakuna maana yoyote aziangalie hizo kwanza.

Sasa upande wa pili. Shida ya kwanza ni muda. Zika ilipatikana mwaka 1947 kwenye damu ya nyani aliyewekwa ndani ya kizimba msituni Zika, hapo karibu na Entebbe, watu walikuwa wanatafuta homa ya manjano. Pepa ikatoka 1952. Miaka zaidi ya 50 ilikaa kimya, inanukuliwa na wachache wanaofuatilia virusi vya mbu, mpaka 2015 Brazili ilipoanza kupata watoto waliozaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 WHO ikatangaza dharura. Ghafla dunia nzima inainukuu. Je, kazi ya 1952 ilikuwa mbaya mwaka 1970 halafu ikawa nzuri 2016? Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni mahitaji ya watu wengine mbali na sisi. Kamati yetu haiwezi kungoja miaka 60, hilo naelewa, ila basi isijifanye imepima ubora wa kazi, imepima nani ameihitaji mpaka leo.

Halafu kuna Katalin Karikó, mtafiti wa RNA, ambaye kila anayezichukia namba humtaja. Alishushwa cheo mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania baada ya kukosa ufadhili mara kwa mara. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakachapisha kwenye jarida la Immunity kwamba ukibadilisha herufi fulani za RNA, yaani ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, kinga ya mwili haiishtukii kama adui. Mwanzoni haikupokelewa kwa kishindo, baadaye chanjo za mRNA za kovidi zikasimama juu yake, Nobeli ikaja 2023. Watu husema mnaona, namba zinaua vipaji. Mimi nasema ngoja kidogo, 1995 h-indeksi ilikuwa haipo! Waliomshusha ni binadamu, wataalamu, kamati, watu wanaojua fani. Waliomnyima hela nao walikuwa wasomaji wa kweli walioisoma kazi yake. Kwa hiyo mfano wake unawapiga pande zote mbili, na anayetaka kumtumia kusema tutupe namba tuwaamini wataalamu inabidi atueleze wataalamu wale walikosea wapi.

Mfano ulio safi zaidi kwangu ni Mary Brunkow. Yeye na Fred Ramsdell walipata Nobeli ya 2025 pamoja na Shimon Sakaguchi, kwa kueleza vile mwili unavyoizuia kinga yake isijishambulie. Pepa yake kubwa ya jeni ya Foxp3 ni ya 2001. Baadaye hakubaki kuwa profesa anayetoa pepa kila mwezi, alikuwa meneja wa programu kwenye taasisi moja Seattle. Ukimweka kwenye foleni ya h-indeksi pamoja na wakubwa wa imunolojia anakaa nyuma mno.

Shida nyingine ni ya hapa nyumbani na haizungumzwi vya kutosha. Kazi ya kinga kwetu imesimama juu ya kohoti, yaani mama na watoto wanaofuatiliwa miaka na miaka. Chukua utafiti wa Entebbe wa mama na mtoto, ulioandikisha wajawazito zaidi ya 2,500 kuangalia kama kumpa mama dawa ya minyoo kunasaidia chanjo ya mtoto kufanya kazi. Majibu yalitoka Lancet 2011, na kwa swali hilo jibu lilikuwa hapana, haikubadilisha mwitikio wa chanjo. Jibu kama hilo lina thamani kubwa kwa wizara ya afya, linazuia hela kupotea, ila kwa kawaida majibu ya hapana hayavutii nukuu kama majibu ya ndiyo. Na fikiria nani anaifanya kazi ya namna hiyo. Kuna aliyewatafuta akina mama waliohama, aliyetenganisha seli kabla damu haijaharibika, aliyekesha na jenereta umeme ulipokatika ili friza ya nyuzi hasi 80 isipande joto. Kwenye pepa za tiba jina la kwanza ni la aliyeandika na la mwisho ni la mkubwa wa maabara, huyu wa friza akiwa na bahati yupo katikati, namba 14. Google Scholar inampa nukuu sawa na wa kwanza, kwa hiyo kuna wanaosema basi kafaidika. Ndiyo kafaidika kwa namba, ila kamati ikiona jina la 14 inasema huyu hakuongoza kitu. Na upande mwingine kuna wale wanaoingia kwenye zile kolabo za dunia nzima, pepa ina waandishi mamia, inanukuliwa maelfu ya mara, h inapanda kwa kazi ambayo mchango wake ulikuwa jedwali moja. Namba ileile, kazi tofauti kabisa.

Na majina jamani. Wabaganda hatuna jina moja la ukoo linalobebwa na familia nzima, kila mtoto na jina lake, mapacha wote ni Wasswa na Kato, Babirye na Nakato. Tafuta Kato J kwenye kinga ya mwili uone, utapata Waganda kadhaa na juu yao Wajapani, manake Kato ni jina la kawaida sana Japani. Profaili zinachanganyika, mwingine anabeba pepa za mtu wa Tokyo bila kujua, mwingine aliyeandika jina la Kiganda mbele kwenye pepa moja na nyuma kwenye ingine anagawanyika watu wawili. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha kila mtafiti peke yake, iliyoanza 2012, inatibu hili na ni ya bure, vyuo vingelazimisha kila mwanafunzi wa PhD awe nayo kabla ya pepa ya kwanza.

Kunukuliwa pia hakujui kusifu wala kukataa. Pepa ya Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilinukuliwa sana na nyingi ya hizo nukuu ni za watu wanaoipinga, Lancet ikaifuta 2010. Mashine inahesabu tu.

Impakti fakta ya majarida ntaipitia haraka. Ni wastani wa nukuu za jarida kwa pepa za miaka miwili iliyopita, Eugene Garfield aliibuni, maktaba ziliitumia kuchagua majarida, na haisemi kitu kuhusu pepa yako wewe. Ila madhara yake kwetu ni makubwa, manake swali linalowahusu wavuvi wa visiwa vya Ziwa Victoria na kichocho chao linaweza kufaa zaidi African Health Sciences, jarida la Makerere linalosomwa bure, na mtafiti analikimbia kwa sababu halimpi alama kama la Ulaya. Wengine wanabadilisha swali lenyewe ili lipendeze nje. Hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Wapo wanaosema dawa ni kipimo bora. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu 2016 wana kipimo cha RCR, kinalinganisha pepa na zingine za fani yake, 1 ikiwa sawa na pepa ya katikati iliyofadhiliwa na NIH. Ni afadhali, inamwokoa mtu wa minyoo asipimwe na mtu wa saratani, lakini mizani bado imewekwa Marekani. Tamko la San Francisco la 2012 kuhusu kutathmini utafiti, DORA, linasema soma kazi yenyewe, na hata Hirsch mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara.

Sasa waombaji 40, kamati ya watu watano wenye vipindi vya kufundisha, nani atasoma? Hili ndo jibu la wanaotetea namba na ni la kweli, usilipuuze. Kwa hiyo mimi ningeiacha namba mlangoni tu, tena ikigawanywa kwa miaka ya kazi na kuondoa miaka ya uzazi, manake h haishuki kamwe na siku zote inampendelea aliyezeeka. Aliyepita mlangoni alete pepa tano alizochagua mwenyewe, kila moja na mistari michache ya alichofanya yeye kwa mikono yake, na kama kazi yake ni kohoti au friza aandike hivyohivyo na ihesabike. Baada ya hapo namba zifungwe, zisiwe mezani wakati wa kupanga. Na pepa tano zipelekwe kwa wasomaji wawili wa nje ya chuo, mmoja awe wa Afrika Mashariki anayejua maabara zetu zinavyofanya kazi, na walipwe, kwa sababu kusoma pepa tano za kinga vizuri ni kazi ya siku nzima na sasa hivi tunawaomba watu waifanye bure usiku.