Kidole tumbo kipelekwe maabara

Nikisikia mtu amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, huwa nauliza: kilipelekwa maabara? Mara nyingi naambiwa daktari alikitoa, akasema kimeoza, mambo yakaisha. Mimi kazi yangu ni patholojia, yaani kuchunguza maabara tishu zilizotolewa kwa wagonjwa, na jibu hilo huniumiza.

Vingi tunavyoletewa ni usaha tu, sawa. Lakini kuna kimoja nilichokipasua, kinene kama dole gumba, ukuta mgumu mweupe. Kisu kilipopita, ukachuruzika ute mzito unaong'aa, mfano wa bamia iliyopikwa ikalala. Kwa kawaida tunachukua ncha na vipande viwili vya katikati. Hicho nilikiingiza chote kwenye uchunguzi, kipande kwa kipande, maana tundu tunalolitafuta laweza kuwa dogo mno. Je, ukuta umepasuka? Ute umefika nje? Na ndani ya ute ule kuna seli za uvimbe?

Seli zenyewe chini ya hadubini zinaonekana pole. Hazichimbi misuli kama saratani nyingine. Zinasukuma taratibu, na kovu linakaa palipokuwa na tishu laini. Ukuta ukiwa mzima na sehemu iliyokatwa ikiwa safi, kukitoa tu kwa kawaida kunatosha. Ukipasuka, seli zikimwagika tumboni huendelea kutengeneza ute kwa miaka, mpaka mgonjwa anaonekana mjamzito. Hali hiyo huitwa pseudomiksoma peritonei. Mwigizaji Audrey Hepburn alifariki Januari 1993 kwa saratani iliyoanzia hapo hapo kwenye kidole tumbo.

Wanawake ndio wanaonisikitisha zaidi. Werth, daktari wa Ujerumani, alipoupa ugonjwa huo wa ute jina mwaka 1884, mgonjwa wake alikuwa na uvimbe wa ovari, na kwa miaka mingi ovari ndiyo iliyolaumiwa. Siku hizi tunapaka rangi maalumu za kutambua protini: CK20, CDX2 na SATB2 zikishika vizuri, tunaanza kutazama upande wa utumbo, ambao kidole tumbo ni sehemu yake. Kwa hiyo daktari mwenzangu, ukikuta ovari zimejaa ute, kitafute kidole tumbo kabla hujafunga tumbo.

Najua kipimo kina gharama, na ndugu wa mgonjwa tayari wamechangishana. Hata hivyo naomba kidole kiletwe kizima, hakijaminywa, kwenye chupa ya mdomo mpana yenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya kutosha. Na kama uliona ute tumboni, tafadhali andika kwenye fomu.