Jua Halijawahi Kuchangia Luku na Mwezi

Juzi Jumamosi usiku umeme ulikata, na wala haukuwa mgao. Mgao ningeuvumilia, mgao ni wa wote. Hii ni Luku ya nyumba, imeisha nikiwa nimeshika pasi mkononi. Mguu mmoja wa suruali nilikuwa nimeshaunyoosha, wa pili ukabaki hivyo hivyo, na leo Jumatatu nimeenda nayo kazini kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyenunua uniti. Ukinitazama kushoto mimi ni ofisa. Kulia nimelala stendi ya Nanenane hapa Dodoma.

Mnaokaa nyumba za kupanga mnanielewa. Vyumba sita, mita moja, na kila mtu anaapa kwa jina la mama yake kwamba yeye anatumia taa tu. Maharage yanachemka kwa taa, sabufa linapiga kwa taa, kuna mtu anaoga maji ya moto ya taa.

Lakini giza si hoja. Hoja ni kikao. Mwenye nyumba wetu, mzee wa Kigogo, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima sana, alipopigiwa simu akasema, "Msigombane wanangu, kesho baada ya ibada nakuja tuyamalize." Akaja kweli. Tukapanga ndoo chini ya mwarobaini, tukakalia. Akatusalimu, "Mbukwenyi!" tukaitikia kila mtu anavyojua, hata yule kijana wa Tanga anayefanya kazi ya ulinzi, ambaye huitikia chochote.

Mimi nilidhani atauliza nani anatumia nini. Mzee akatazama juu.

"Wanangu, tazameni jua, mwezi na dunia. Mmewahi kusikia wamegombana? Kila mmoja ana njia yake, wanavutana lakini hawagongani. Binadamu tungeishi kwa kufuata asili, nyumba hii ingekuwa pepo."

Watu wakaguna kwa unyenyekevu. Mimi nikanyoosha mkono, maana mimi ndiye mweka hazina wa Luku, na niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ambayo hela zilibaki.

"Shikamoo tena mzee. Kwa heshima zote, jua halijawahi kuchangia Luku na mwezi. Halafu dunia iko mbali na jua kilomita milioni 150, mwanga wenyewe unatembea dakika nane ndiyo ufike. Mimi na Mama Neema tumetenganishwa na tofali moja la kusimamisha. Nikipiga chafya, ananijibu. Mniweke mbali naye kilomita milioni 150 muone nitakavyompenda, nitamtungia na kaswida."

Mama Neema akasonya. Nikaendelea, nilikuwa nimeshawaka. Nikamwambia mzee kwamba hata huo mwezi unahama. Wataalamu wameupima kwa leza, kila mwaka unasogea karibu sentimita 4 kutoka duniani, bila kikao, bila kuaga. Hivyo ndivyo anavyohama mpangaji mwenye deni.

Mzee akahamia kwenye sumaku. Ncha zinazofanana husukumana, akasema, zinazotofautiana huvutana, kwa hiyo tofauti zetu ndizo zituunganishe. Fundi wa chumba cha tatu akasema basi ndiyo maana Mama Neema na mama wa chumba cha nne hawapatani, wamefanana domo. Hapo pakapotea muda kidogo.

Kijana wa Tanga naye akaona achangie. Akasema kwao baharini jua, mwezi na dunia vikikaa mstari mmoja, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa kuliko siku zote, ndiyo bamvua. "Yaani mzee, hao wakubwa wakielewana, sisi wa chini tunafuata ngalawa barabarani." Sijui kama alikusudia, lakini nilikumbuka jinsi wenye nyumba wa mtaa huu walivyoelewana serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na kodi ikafika ilipofika. Nikanyamaza. Kodi yangu ya mwezi huu bado.

Mzee hakukata tamaa. Walimu wa zamani hawakati tamaa, ndiyo maana sisi wengine tulijua kusoma. Akatupeleka Kondoa. Kule ardhi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko mpaka makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule waliouita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Majani yakarudi, miti ikarudi. "Mnaona? Ardhi na watu wakapatana."

Palipoa. Halafu yule binti wa chuo wa chumba cha mwisho, ambaye hata salamu huwa anatoa kwa kichwa, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo hapa kwetu ng'ombe ni nani?"

Jamani! Kikao kiligeuka uchaguzi wa ng'ombe. Fundi akasema ng'ombe ni kile kinacholisha malisho ya wote usiku na mchana, na hapa hicho ni friji la Mama Neema. Mama Neema akasimama, ndoo ikaanguka. Friji lake linauza barafu za ubuyu, na barafu hizo ndizo zinasomesha watoto, na anayelisema vibaya friji lake asije tena na mia mbili yake dirishani. Nikamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba ng'ombe wa Kondoa nao walikuwa wanasomesha watoto, na waliondoka. Akaniambia mimi ndiye ng'ombe, ninapiga pasi mpaka soksi. Mimi? Mtu mzima? Nikasimama na mimi. Fundi naye akatajiwa mashine yake ya kuchomelea, ambayo siku zote anasema ni ya kaka yake. Binti wa chuo akawa anarekodi.

Nikaona tumalize kwa hesabu. Nikachana ukurasa wa daftari wenye majina na madeni, nikampa mzee asome mbele ya wote. Akavaa miwani. Ndipo kikaja kisulisuli.

Agosti ya Dodoma mnaijua. Jua likishapiga ardhi tupu mpaka saa saba mchana, hewa ya chini inachemka, inapanda, inajisokota, inabeba vumbi la mtaa mzima pamoja na mifuko na khanga za watu. Wenyeji hawakimbii, wanafunika tu sufuria. Kikaingia getini, kikamzunguka mzee, kikachukua ile karatasi mkononi mwake. Tukaiona inapanda juu ya mwarobaini, inapita paa la jirani, inakwenda zake.

Mzee akafikicha macho. "Asili imeamua," akasema. "Tusameheane."

"Amina!" Waliojibu kwa nguvu ni wale wanne wenye madeni, na sijawahi kusikia kwaya inayoimba vizuri namna ile.

Sasa nauliza, maana hapa sitanii tena. Ile ni hela yangu. Nilitanguliza mimi, mwezi mzima, kila Luku ikiisha usiku mnanigongea mimi. Mbona upepo haujawahi kuchukua deni ninalodaiwa? Deni langu la dukani liko kwenye daftari la jalada gumu, limefungwa mpira, limewekwa chini ya jiwe la mizani. Asili gani hii inayochagua karatasi? Nikimwambia mzee nina nakala ananiambia mwanangu acha kinyongo, tazama mibuyu. Mbuyu unakaa peke yake, mzee! Umewahi kuona mibuyu sita inachangia shimo moja la choo?

Na maji nayo yanatoka usiku wa manane. Hilo niliache.

Zabibu za msimu huu nimenunua barabarani, kwa vumbi hili nikaziosha mara ya kwanza nikadhani nimepewa za rangi nyingine.

Halafu katikati ya yote haya anapiga simu mdogo wangu kutoka Dar, eti huko makao makuu mnafaidi hewa safi. Hewa safi nimeila asubuhi, ilikuwa kwenye uji. Undugu wetu sisi ulikuwa mzuri kabisa zama za basi, mtu alikuwa anafikiria ile safari ya kutwa nzima, anaahirisha, anatuma salamu. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, mtu anakupigia yuko Morogoro anauliza mmepika nini. Sasa anasema anakuja Ijumaa na shemeji na watoto wote, na wametoka kununua samaki wengi Feri, ndoo nzima, kwa hiyo nitafute mapema mtu mwenye friji.

Mama Neema tangu jana akiniona anaingia ndani. Umeme ukirudi tu namtuma mtoto akanunue barafu kumi, nianzie hapo.