Upepo ukizidi, bahari hunyonya hewa ukaa au huitoa?

Mwaka 2007 Corinne Le Quéré na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliozua mjadala mkali. Walipima mwenendo wa hewa ukaa kuanzia 1981 hadi 2004, wakaona kwamba Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, haikuongeza unyonyaji wake kama ilivyotarajiwa, ingawa gesi hiyo ilizidi kujaa angani. Waliyemtia hatiani ni upepo. Mwaka 2015, katika jarida hilohilo, Peter Landschützer na wenzake wakaonyesha kwamba tangu karibu 2002 bahari ileile ilikuwa imerudiwa na nguvu zake, na kufikia 2012 ilikuwa ikinyonya kwa kiwango kilichotarajiwa.

Mjadala huu si wa wataalamu peke yao. Bahari zote kwa pamoja hunyonya takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na katika fungu hilo Bahari ya Kusini inakadiriwa kubeba karibu asilimia 40. Ikilegea, joto litapanda kwa kila mtu, awe Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, au Pangani.

Wanaoulaumu upepo wana hoja nzito. Kule kusini pepo za magharibi huvuma zikiizunguka dunia bila kukutana na bara la kuzizuia. Zikiyasukuma maji ya juu, mzunguko wa dunia huyapindisha kushoto, yaani kaskazini, na nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka kilindini. Maji hayo yamekaa gizani kwa mamia ya miaka yakipokea mabaki ya viumbe yanayooza, kwa hiyo hufika juu yakiwa na hewa ukaa nyingi kuliko inayoweza kukaa humo, na ya ziada hutoka. Upepo ukiongezeka, maji mengi zaidi hupanda.

Sisi wa ukanda huu tunalo la kulinganisha. Kusi inapokaza kati ya Juni na Septemba, maji baridi hupanda kutoka chini kwenye pwani ya Somalia, na bahari ya huko, iliyo karibu na Ikweta, hupoa hata chini ya nyuzi 20. Maji hayo huleta hewa ukaa, na sehemu yake hutoka majini kwenda angani. Lakini huleta pia virutubisho. Vijimea vidogo vya baharini hustawi, vikanyonya sehemu ya hewa hiyo, na samaki wakapata chakula. Upepo ni mmoja, matokeo ni mawili yanayovutana.

Hapo ndipo upande wa pili, unaosema kwamba upepo huongeza unyonyaji, unapopata nguvu. Maji ya kilindini ya kusini yalizama kabla ya enzi ya viwanda, hayajawahi kukutana na moshi wetu. Yanapofika juu yana nafasi ya kupokea hewa ukaa mpya, kisha yakazama nayo tena. Kwa hiyo mkondo uleule unaotoa kaboni ya zamani ndio unaozika ya sasa. Vilevile Claus Böning na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba tabaka za maji za huko hazikuinama zaidi licha ya pepo kuongezeka, ishara kwamba upandaji wa maji haukuongezeka kama ilivyodhaniwa. Inaelekea mizunguko midogo ya maji ndani ya mkondo mkubwa hufuta sehemu ya kazi ya upepo.

Hoja moja ya upande huu naikataa kabisa. Husemwa kwamba upepo mkali huvunja mawimbi na kuharakisha upitaji wa gesi, basi bahari itanyonya zaidi. Ni kweli kwamba upepo ukizidi maradufu upitaji huo huongezeka karibu mara nne. Lakini upepo huongeza kasi tu. Mwelekeo huamuliwa na upande wenye hewa ukaa nyingi zaidi. Maji yakiwa yameshiba, upepo huo huo huharakisha utokaji.

Naona Le Quéré hakukosea kuhusu kipindi alichokipima. Waliokosea ni waliouchukua mwenendo wa miongo miwili wakaufanya hukumu ya kudumu. Landschützer alionyesha kwamba mahali upepo unapobadilikia ni muhimu kama nguvu zake: sehemu moja ya bahari ilipoa ikanyonya zaidi, kwingine maji ya kilindini yakapungua kupanda.

Na upepo wenyewe haujatulia. Tundu la ozoni lililotangazwa mwaka 1985 lilisaidia kuzivuta pepo hizo kuelekea ncha ya kusini wakati wa kiangazi cha huko. Tangu Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyozuia kemikali zinazoharibu ozoni, tabaka la ozoni limeanza kupona, na hilo linazirudisha kaskazini. Gesi joto nazo zinazisukuma kusini. Hakuna sababu ya kudhani kwamba nguvu hizi mbili zitasawazishana.

Kinachoniudhi ni uhaba wa vipimo vya majira ya baridi, meli zinapoikimbia bahari hiyo. Mwaka 2018 vyombo vinavyoelea vyenyewe vilionyesha utokaji mkubwa wa hewa ukaa katika majira hayo. Mwaka 2021 vipimo vya ndege vikaonyesha utokaji mdogo na unyonyaji mkubwa wa kiangazi. Tofauti hiyo haiondolewi kwa kuboresha hesabu za kompyuta. Itaondolewa kwa kupeleka vyombo vingi zaidi na kuvilipia kwa miongo mingi, maana miongo miwili tu ndiyo iliyotupotosha mara ya kwanza.