Paka wa soko la samaki achomwe sindano moja tu

Pale Deep Sea, Tanga, vibua vikishushwa paka wanafika kabla ya dalali. Kila mtu ana dawa yake ya kuwapunguza: sumu, gunia, au "waacheni, wanakula panya". Mimi niko upande wa chanjo ya kuzuia uzazi, ila nina neno na wanaoibuni.

Ubongo wa mnyama hutoa homoni iitwayo GnRH, peptidi fupi ya asidi amino 10 tu. Ndiyo inayoiamuru tezi ya pituitari itoe homoni za kuamsha mayai na korodani. Ukiizuia hiyo, jike haingii joto. Lakini mwili haushambulii homoni yake wenyewe, kwa hiyo wataalamu huipachika peptidi hiyo kwenye protini kubwa ngeni, kwa mfano ile ya damu ya konokono wa baharini, wakaongeza kichochezi cha kinga. Mwili ukitengeneza kingamwili, yaani askari wake, za kuisaka protini, unatengeneza na za kuikamata homoni.

Chanjo ya namna hii kwa nguruwe dume huchomwa mara mbili, zikipishana angalau wiki 4. Nguruwe yuko bandani, sawa. Paka shume wa sokoni je? Akishanaswa mara moja, hata umwekee jodari mzima mtegoni hakusogelei.

Ndiyo maana nalipenda jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011. Paka jike 15 walichomwa sindano moja. Mwaka wa kwanza asilimia 93 hawakuzaa, na baada ya miaka 5 walibaki tasa 4. Wapo watakaosema haidumu. Kwani paka wa sokoni mwenyewe anadumu?

Kuitia kwenye chakula nako hapana. Peptidi tumboni humeng'enywa kama nyama, na hata ingepona, GnRH ni ileile kwa karibu mamalia wote. Mbuzi wa mjini hapa wanakula hadi maboksi, watasaza nini kwenye chambo cha paka?

Kwa mbwa njia ipo tayari. Siku ya chanjo ya kichaa, watoto wa Ngamiani huwaleta kwa kamba za katani. Wachomwe ya kichaa na ya uzazi hapohapo, maana vitoto vinavyozaliwa kila mwaka bila chanjo ndivyo vinavyorudisha kazi nyuma. Ila wabunifu wakitazame upya kile kichochezi: huacha uvimbe, pengine jipu, na mwenye mbwa akiliona jipu, mwakani hamleti hata kwa chanjo ya kichaa.