Mama mkwe alisema ni chini ya kiti, mi nikaenda kununua tairi

Ivi nani alitudanganya kwamba ukinunua gari ya juu mtaani utaheshimika? Mi yangu nimenunua mkononi mwa mtu, ya mwaka 2003, imeshapita umri wa kupiga kura, na heshima niliipata kama wiki mbili hivi, afu ikaanza kudondosha oili kwenye pevingi za mwenye nyumba, ikawa kila asubuhi baba mwenye nyumba anasimama pale anaangalia lile doa afu ananiangalia mimi.

Nikampelekea fundi wa pale chini ya mwembe. Akasema sili ya mkia wa giaboksi, ule mpira unaozuia oili isivuje, imekufa, elfu sitini na ufundi humohumo. Akachomoa propela, ile bomba ndefu ya uvunguni inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye tairi za nyuma, akailaza mchangani, ikaachana vipande viwili kama muwa, akafunga sili, akairudisha, oili ikakata. Nikamshukuru na soda nikamnunulia!!

Sasa shida ni kwamba mi maisha yangu ni Kimara kwenda Posta. Kwa foleni ile gari ikifika 40 unapiga picha. Kwa hiyo miezi miwili yote gari imetulia kama mgeni rasmi, sijui kumbe kuna jambo.

Pasaka tukaenda Moro, mama watoto mbele, mama mkwe nyuma katikati, watoto huku na huku. Tumetoka Mlandizi barabara imefunguka, nakanyaga, 80, 85, ikaanza. Mmmmmmm. Chupa ya maji pale karibu na gia inacheza singeli, kioo cha katikati sioni tena basi la nyuma, naona mabasi matatu. Nikishuka 50 kwenye makazi ya watu, kimyaaa. Yani gari inaheshimu kibao kuliko dereva.

Mama mkwe akasema, "Baba, hiki kitu kinatetemeka huku kwangu, hapa chini ya kiti."

"Ni barabara mama."

"Barabara ya upande wangu tu?"

Sasa na nyie niambieni, mi na ukwe wangu naanzaje kumuuliza mama panapotetemeka ni wapi hasa? Nikaongeza sauti ya redio. Pale ndo nilipoanza kupoteza hela.

Kurudi Dar nikaenda kubalansi tairi, wakatoa donge la tope ndani ya rimu la kuweza kupanda mchicha, wakagonga vile vyuma vidogo, nikasema ndo hii. Sio hii. Nikaambiwa tairi za nyuma zimevimba, mbili mpya, laki tano na nusu. Bado. Mwingine akafungua boneti, akatingisha injini kwa mkono, akasema bosi hizi maunti, yani mipira inayokalia injini, laki na themanini. Bado, ila sasa inatetemeka ikiwa na maunti mpya. Na kila anayeingia uvunguni anaanza na lilelile, "bosi nani alikufungia hii?", hata yule wa mwembe nilipomrudia aliniuliza hivyohivyo, nikabaki namwangalia tu.

Shemeji ndo akanipeleka kwa mzee mmoja mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, mzee ana miwani imefungwa uzi. Shikamoo, marahaba, afu hakugusa spana. Akauliza, "Unausikia kwenye stelingi au kwenye kiti?"

Jamani. Wiki sita, mafundi wanne, hakuna aliyeuliza hilo.

Nikasema stelingi imetulia mzee, ila kuna mama mkwe, alisema chini ya kiti cha nyuma. Akacheka, akasema huyo ndo fundi wako. Kesho yake alfajiri tukatoka na gari mpaka barabara kuu kabla malori hayajaamka, tumefika 90 barabara nyeupe imenyooka, akaniambia weka nyutro. Nikaweka, injini ikashuka ikawa inapumua tu kama inaota, na ule mtetemo uko palepale haujapungua hata kidogo. "Umeona? Injini unaionea bure." Nikakumbuka laki na themanini yangu, nikanyamaza. Akasema tena, mwendo huu tairi inazunguka kama mara 10 kwa sekunde, propela mara 40, mtetemo wa tairi unautikisa mwili, huu wako unavuma kama nyuki, tukaangalie propela.

Tukarudi, akaingia uvunguni na chaki, akaniita na mimi niingie na shati la ofisini. Akanionyesha masikio yanayoshika kros, kile kiungo cha msalaba kilichopo kila ncha ya propela, ya mbele yanatazama hivi, ya nyuma yanatazama kule. Akasema kros ikikaa kwa kupinda haizungushi sawasawa, kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili, na ya nyuma imewekwa ifute ujinga wa ya mbele. Ila masikio lazima yatazame upande mmoja. Aliyeirudisha ile propela baada ya kuachana mchangani kaichomeka kwenye meno yoyote aliyoyakuta pale vipande viwili vinapoingiliana, kwa hiyo badala ya kufutana zinasaidiana. Kumbe fundi mwenye akili kabla hajachomoa anachora mstari. Chaki tu jamani! Mstari mmoja!

Akachomoa, akazungusha, akachomeka, akapiga grisi kwenye nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Dakika arobaini. Elfu thelathini. Nimeenda nayo mpaka Chalinze na kurudi, sina safari, 100, maji kwenye chupa yametulia kama yamegandishwa.

Kosa nililofanya ni kumsimulia mama watoto, na mama watoto akapiga simu kwao hapohapo, sauti ya juu. Nasikia upande wa pili kicheko kirefu, afu, "Mwambie fundi wa kwanza bado hajalipwa."

Nikatuma elfu ishirini. Dakika mbili meseji ikaingia. "Ahsante baba. Hujaweka ya kutolea."