Kabla ya simba wa Mikumi, kunguru wa Dar

Mtu anakodi Noah, analala Mikumi siku mbili, anarudi na picha elfu mbili kwenye memori kadi, na za kuwaonyesha watu hazifiki tano. Lawama zote zinaiangukia lenzi: ilikuwa fupi. Safari ijayo itakuwa Serengeti, na lenzi ya kukodi yenye urefu wa mkono. Napinga. Kilichoharibu picha zile kinafundishika hapahapa Dar, bila kiingilio, na mwalimu ni ndege ambaye jiji zima halimtaki.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo hakuna jalala la Dar asilolijua. Kwa mpiga picha ana sifa zote: yupo kila siku, ana haraka, ana akili, na ukimkazia macho anaondoka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kumpiga picha kabla hajaukimbiza ndilo zoezi lenyewe.

Tuanze na hesabu ya lenzi. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), hizi wanazoanzia wengi, lenzi ya milimita 70–300 ikivutwa hadi mwisho, kunguru aliye mita 8 hujaza karibu theluthi mbili ya upana wa picha. Simba anayekuonyesha ubavu akiwa mita 35 hujaza kiasi hichohicho, na simba akilala kando ya njia gari hupita karibu zaidi ya hapo. Kama kunguru wa mita 8 bado anatoka na jicho lililofifia, tatizo si urefu wa lenzi. Kwa umbali huo, tundu la lenzi likiwa f/5.6, sehemu inayoonekana kali ina kina cha kama sentimita 16 tu. Fokasi ikidakwa na mkia, jicho limekwenda. Kwa hiyo acha kuiruhusu kamera ichague yenyewe: weka nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho, na tumia fokasi ya kufuatilia (AF-C, au AI Servo kwa Canon).

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, nayo watu huiogopa bila sababu. Kwa lenzi ya 300 kwenye sensa ndogo, mkono mtupu unahitaji kama 1/500 ya sekunde. Kiimarishi kilichomo kwenye lenzi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mnyama. Anayetembea, 1/500, ndege anayeruka, 1/2000. Alfajiri, kasi hiyo itaipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au zaidi. Iache ipande. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa na programu za kusafishia picha, lakini jicho lililotikisika halina programu.

Jambo linalowashinda wengi zaidi ni mwanga. Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba kunguru ni mweusi. Kila kitu hukitaka kiwe kijivu. Kunguru akijaza picha, kamera humwangaza kupita kiasi hadi anaonekana kama amepakwa majivu. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −, shusha hadi −1. Kisha nenda bonde la Jangwani ukamtafute yangeyange. Akijaza picha, kamera itamfanya mchafu, hivyo panda hadi +1. Lakini akiwa mdogo mbele ya mikoko yenye kivuli, kamera inaipima mikoko, inaongeza mwanga, na manyoya yake yanaungua yakawa karatasi tupu. Hapo unashuka −1, ingawa ndege ni yuleyule mweupe. Anayebadilisha namba kwa kukariri atakwama hapa. Unatakiwa kuangalia kilichojaza picha, si jina la mnyama.

Na Mikumi utamkuta nyati kwenye nyasi za Mkata, yangeyange kakaa mgongoni. Mweusi na mweupe kwenye picha moja. Okoa mweupe kwanza: piga kwa faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalibana, shusha mpaka alama za kuungua zisiwepo kwenye manyoya, kisha mwinue nyati ukiwa nyumbani kwenye kompyuta. Giza la RAW hufufuka kwa kiasi kikubwa. Kilichoungua hakifufuki.

Kuhusu mahali pa mazoezi: soko la samaki la Feri lina ndege wengi, lakini pana Ikulu jirani, na lenzi ndefu ikielekea huko utajieleza mpaka jioni. Watu nao uwaombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Kunduchi na Coco hazina matatizo hayo, na Mlimani, chuoni, wapo tumbili. Nenda saa 12 na nusu asubuhi. Kwetu jua hupanda wima, na ikifika saa 3 mwanga umeshakuwa mkali.

Mikumi ni kama kilomita 280 kutoka Dar, na barabara kuu ya Iringa inaikata hifadhi katikati. Usisimame barabarani kupiga picha, ingia getini. Wengi hulilia gari la paa la kufunguka. Mimi nalipenda dirisha la Noah: liko chini, unamtazama mnyama usawa wa macho, na nyuma yake unapata nyasi za mbali badala ya vumbi la miguuni. Mpe fundi cherehani kazi ya kushona mfuko wa jinsi wenye zipu, uende nao mtupu, ununue kilo 2 za mchele Morogoro, uujaze na kuulaza dirishani. Lenzi ikilala juu yake hata 1/250 inawezekana kwa simba aliyepumzika, ila dereva azime injini na abiria wa nyuma waache kuhamahama viti. Usimsihi dereva atoke nje ya njia. Hairuhusiwi, na kosa litamhusu yeye. Kuanzia saa 4 hivi, ardhi inapopata moto, mnyama wa mita 150 hucheza kama yuko nyuma ya maji. Hayo ni mazigazi. Lenzi ndefu haiyatibu. Unatazama hewa ileile ya moto. Hapo kunywa chai.

Nyumbani, joto na unyevu wa Dar huotesha kuvu ndani ya lenzi. Mkoba wa ngozi kabatini ndio mahali pabaya kuliko pote. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka vifuko vya silika na kipima unyevu, ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa jasho.

Siku ambayo katika kunguru kumi utakuwa unapata macho makali nane, na bado unakata nusu ya picha ili mnyama aonekane, kakodi lenzi ya 150–600.