Risiti ya Televisheni

Wiki ya pili tangu nihamie nyumba hii ya Coventry, Uingereza, barua ilidondoka mlangoni. Jina langu halikuwemo, iliandikwa kwa "mkaazi halali" wa nyumba. Ndani wananiuliza, kwa adabu lakini kwa jicho kali: unatazama televisheni? Kama unatazama, leseni yako iko wapi? Nilicheka peke yangu jikoni. Mimi ni mtoto wa Michenzani, Unguja, nimekua na televisheni ya Serikali tangu nikibebwa mgongoni, na sikumbuki hata siku moja mtu kubisha hodi kwetu akidai pesa yake.

Siku hizi nalipa, na pesa hiyo ndiyo inayoiendesha BBC, shirika la utangazaji la huku. Aprili 2025 ada ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka. Asiyeona hulipa nusu, mzee aliyetimiza miaka 75 ambaye anapokea ule msaada wa wastaafu wa kipato kidogo halipi kitu. Ukikutwa unatazama matangazo ya moja kwa moja huna leseni, mahakama inaweza kukupiga faini hadi pauni 1,000. Lililoniacha hoi ni hili: ipo pia leseni ya bei ndogo, mwaka huo pauni 58.50, kwa wenye televisheni ya nyeusi na nyeupe. Na wapo wanaoilipia mpaka leo!

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuijua televisheni ya nyeusi na nyeupe. TVZ, Televisheni ya Zanzibar, ilipoanza mwaka 1973 ilianza na rangi zake, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Hawa wenyeji wangu walikuwa hewani tangu tarehe 2 Novemba 1936, kutoka Alexandra Palace, juu ya kilima cha kaskazini mwa London. Wakazima wakati wa vita, wakarudi 1946, na BBC1 ikapata rangi Novemba 1969. Yaani sisi, kisiwa cha karafuu, tulikuwa nyuma ya hiyo BBC1 kwa miaka isiyofika mitano. Nikiwasimulia wenzangu kazini wananitazama kama ninayepiga fiksi.

Lakini rangi si kila kitu. Nyumba zenye tivii zilikuwa za kuhesabu. Tulijazana barazani kwa jirani, wadogo chini kwenye mkeka, wakubwa nyuma, na wasio na nafasi wananing'inia dirishani. Mji Mkongwe hadi leo upo mtaa wa Jaws Corner, na wenyewe wanasema jina lilitokana na ile filamu ya papa iliyoonyeshwa pale kwenye televisheni ya wote. Mtaa mzima kupewa jina na usiku wa televisheni, mimi sijasikia kwengine.

Ndugu zetu wa Bara walikuwa hawana kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, kitu cha kuwanufaisha watu wachache wa mjini huku mkulima akibaki na redio yake. Wenye uwezo pale Dar walisimamisha milingoti mirefu juu ya mapaa na kuielekeza baharini ili wainase TVZ. Shangazi alikuwa akija Unguja kututembelea, na kabla hajavua baibui anauliza leo kuna nini kwenye tivii.

Bara ilipofunguliwa milango, vya kwanza kuingia vilikuwa vituo vya watu binafsi. ITV ya Dar ilianza 1994. Televisheni ya Taifa, TvT, ilikuja miaka kadhaa baadaye, ikaunganishwa na Radio Tanzania kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002, kisha 2007 ikawa Shirika, hii TBC tunayoijua. Huku kwetu Unguja TVZ nayo iliunganishwa na redio ya Rahaleo ikawa ZBC mwaka 2013. Majina yamebadilika, vibao vimepakwa rangi upya, ila mwenye mfuko ni yule yule: ruzuku ya Serikali na matangazo ya biashara.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kwa miaka mingi nilidhani tofauti ya televisheni ya hapa na ya kwetu ni mitambo na mishahara. Sasa naona ni risiti. Jirani yangu hapa, mzee mstaafu, akiudhiwa na kipindi hanuni. Anaandika barua, anataja pauni zake, na anajibiwa. Sina hakika jibu linambadilishia chochote, lakini anajibiwa. Sisi nyumbani nasi tunalipa, tena sana, maana ruzuku haidondoki kutoka mbinguni. Ni kodi ya sukari, ya simu, ya mafuta. Ila tunalipa bila kuonyeshwa, kwa hiyo tunaitazama TBC kama mtu anavyotazama tivii ya mwenye nyumba: ukipewa nafasi ukutani unashukuru, na rimoti huigusi.

Chukua lile la Januari 2016. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alisimama bungeni Dodoma na kusema TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani wakachachamaa hadi askari wakaingia ukumbini. Wengi walibishana kuhusu siasa zake, na walikuwa na haki. Mimi nilishangaa jengine: ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia bei ya kitu chochote kinachorushwa na televisheni yetu ya Taifa, na niliisikia siku ninayonyang'anywa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Msinielewe vibaya, sipigi debe la Uingereza. Hapa bodi ya BBC ndiyo inayomwajiri Mkurugenzi Mkuu, tofauti na TBC ambako huteuliwa na Rais. Lakini mwenyekiti wa bodi hiyo ya BBC naye anapitia mikononi mwa Serikali, na mmoja wao, Richard Sharp, alijiuzulu 2023 baada ya kubainika hakuweka wazi namna alivyohusika na mkopo wa Boris Johnson alipokuwa Waziri Mkuu. Novemba 2025 Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Tim Davie, alitangaza kuondoka kwa sababu ya kipindi kilichoikatakata hotuba ya Trump. Na ada ile ile ninayoisifu ni sawa kwa mama anayelea watoto peke yake na kwa tajiri, yaani mama inamuumiza na tajiri haimuumizi hata kidogo. Nisingependa ipelekwe Zanzibar kama ilivyo. Tayari Bara kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Tukiongeza na ya televisheni humo humo, mtu atanunua umeme apate wa kuwasha balbu moja.

Nisichokielewa ni kwa nini hesabu zisisomwe. Taarifa ya habari ya saa mbili ina nafasi ya kila ufunguzi na kila ziara. Dakika tano tu kwa mwaka: tulipokea kiasi hiki, Bunge lilitugharimu hiki, mpira hiki, vijiji visivyopata mawimbi ni hivi. Tulishawahi kumpata mtu aliyeijua kazi hii kwa upande wa huku, Tido Mhando, aliyetoka kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC akaja kuiongoza TBC. Mwaka 2010 TBC ilikuwa na midahalo ya uchaguzi ambayo kwa ajili yake watu waliacha chakula kipoe. Mkataba wake ulipoisha mwishoni mwa mwaka huo haukuongezwa, na hakuna mtazamaji aliyeulizwa. Angeulizwa kwa kipi, hana hata risiti.

Juzi nampigia mamangu, namkuta amenuna. Kipindi alichokuwa akikisubiri tangu asubuhi hakikuonyeshwa, bila hata maneno mawili ya samahani. Kituo gani, tuyaache. Nikamwambia kwa Kizungu-zungu changu cha huku, "Mama, si uwapigie simu ulalamike?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "nikawaambie mimi nani?"